Kijana wa miaka 15 kumeza ni shida na sauti inaishia puani. Nipo Mwanza, naomba mawazo

#1 Mtu wa Igoma

Wakuu salaam. Naishi Igoma na mtoto wa kaka yangu, yupo kidato cha pili. Wazazi wake wako Ukerewe, kaka ni mvuvi, kijana kaja mjini kwa ajili ya shule.

Tangu baada ya Pasaka analalamika kula. Ilianza na makande ya shuleni, akawa anasema, "Ba'mdogo, taya zinachoka." Nikadhani anadeka. Ikafuata nyama, ikafuata ugali, na sasa hata maji akiyanywa haraka yanamtokea puani. Anapaliwa mara kwa mara. Sisi tunanawa mikono, yeye bado yupo na tonge la mwanzo mwanzo.

La pili ni sauti. Yumo kwaya ya vijana kanisani na alikuwa anategemewa. Mwalimu wa kwaya amenipigia anasema misa ya kwanza kijana anaimba vizuri, lakini mazoezi ya jioni hasikiki na maneno yanapitia puani. Watu wananiambia anabalehe. Nimeshalea wadogo zangu wa kiume, sauti ya kubalehe naijua, inakatika na kukwaruza. Hii haikwaruzi. Asubuhi unaongea naye safi kabisa, saa mbili usiku unamwambia rudia mara tatu.

Hana maumivu ya koo, hana homa, hakohoi. Amepungua, kaptula za shule anazikaza kwa mkanda. Zahanati moja walisema ni tonses, akapigwa sindano za jentamisini, ile antibiotiki. Zile siku za sindano ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote, hata uji ulimshinda. Duka la dawa wakatupa vidonge vya vidonda vya tumbo, hakuna kilichobadilika.

Kaka anataka nimpeleke kisiwani kuna mzee anakata vimeo. Nimemwambia asubiri kwanza. Mwenye uelewa anisaidie.

#2 Ngosha wa Kisesa

Mwangaluka mkuu. Hicho ni kimeo, usihangaike na hospitali. Mwambie afungue mdomo umulike tochi, utakikuta kimelala juu ya ulimi. Huku kwetu tumekatwa wote na tunakula mpaka mifupa.

#3 Mtu wa Igoma

Nimemulika sasa hivi. Ni kweli kimeshuka, kinagusa ulimi. Ndiyo maana kaka anasisitiza.

#4 Sangara Mkavu

Uliza kama alikula samaki siku za karibuni. Mimi nafanya kazi Mwaloni Kirumba, mwiba wa sangara uliwahi kunikaa kooni nikaambiwa nimeze matonge makubwa ya ugali bila kutafuna. Nilimeza, mwiba ukazidi kuchimba, ikabidi nikatolewe hospitali kwa mashine huku koo limevimba. Ila mimi nilikuwa na maumivu makali sehemu moja, naonyesha kwa kidole. Huyo wako hana maumivu, sijui.

#5 Jiwe la Bismarck

Upimaji wa kidato cha pili unakaribia. Hofu ya mtihani inafanya koo libane, nimeona kwa wanafunzi wangu. Pamoja na kubalehe. Mpeni muda.

#6 Dada wa Nyegezi

@Jiwe la Bismarck mwalimu, hofu ya mtihani inatoa maji puani? Na kilo zinaondoka?

Mkuu angalia shingo. Anapomeza mate kuna kitu kinapanda na kushuka mbele ya koromeo? Mama yangu alikuwa na goita iliyoingia ndani nyuma ya mfupa wa kifua, kwa nje ilionekana ndogo, kumbe inabana umio (njia ya chakula) na bomba la hewa. Sauti nayo ilibadilika.

#7 Muumini wa Kweli

Mtoto wa kisiwani anayeimba vizuri halafu sauti inachukuliwa. Wenye macho wameelewa. Njoo PM nikuelekeze kwenye maombi.

#8 Nesi wa Zamu

Mtu wa Igoma, mimi ni muuguzi, siyo daktari, na humu hatuwezi kumpima kijana. Ila uliyoandika yana mambo mazito, nisome taratibu.

Kwanza kimeo. Kisu kisimguse. Kimeo kinaning'inia kwenye kaakaa laini, na kaakaa hilo ndilo linalopanda kuziba njia ya pua kila mtu anapomeza au kuongea. Misuli yake ikilegea, mambo matatu yanatokea pamoja: maji yanapita puani, sauti inapita puani, na kimeo kinaonekana kirefu kwa sababu kaakaa lote limeshuka. Kwa hiyo mzee wa vimeo akimulika ataona kabisa anachokitafuta, atakikata, na udhaifu utabaki palepale, sasa ukiwa na kidonda. Wodini tumepokea watoto waliovuja damu baada ya kukatwa, na kisu kisichochemshwa kinaweza kuleta pepopunda.

Pili, nisaidie kujibu haya:

Chakula kinakwama wapi, juu kooni au chini kifuani? Vigumu ndivyo vilianza kumshinda au vigumu na maji kwa pamoja? Usiku chakula kinarudi mdomoni akiwa amelala? Amewahi kumeza maji ya betri au kostiki soda, ile ya kuchomea uchafu? Amewahi kuugua homa na viungo kuvimba, au kuambiwa ana tatizo la moyo?

Sababu ya kuuliza ni hii. Umio ukibanwa na kovu au uvimbe, vyakula vigumu hutangulia kukwama na vimiminika hufuata baadaye sana. Mlango wa chini wa umio ukigoma kufunguka, ugali na maji husumbua pamoja, mtu anaonyesha kifuani na usiku vinarudi. Nyuzi za sauti zikiwa na vinyama, sauti inakwaruza asubuhi, mchana na jioni, na pumzi inaweza kuanza kutoa mlio. Kifua kikuu nacho hushika koo, lakini mara nyingi kuna kikohozi, homa za jioni na maumivu. Na watu hawajui kwamba moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi unaweza kutanuka, ukasukuma umio ulio nyuma yake na kubana neva ya sauti ya upande wa kushoto. Hayo yote daktari atayapitia.

Kwa huyu, swali langu kubwa ni la mwisho: kope zake zikoje jioni? Na kuna wakati anaona kitu kimoja kama viwili?

Wakati unasubiri, jaribu vitu viwili visivyo na chakula. Mwache ahesabu kwa sauti kuanzia moja hadi hamsini bila kupumzika, msikilize sauti inavyokwenda, mrekodi kwa simu. Kisha atazame dari kwa dakika moja bila kushusha macho, nawe uangalie kope. Fanya asubuhi, rudia jioni.

Usimpe kitu kigumu kwa majaribio. Na akishindwa kumeza hata mate, akihema juu juu, au akishindwa kukohoa kwa nguvu, hiyo ni dharura, toka naye saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.

#9 Mchumi wa Kitaa

Nesi umenifanya na mimi nitazame dari hapa ofisini. Bosi kaniuliza naomba nini.

#10 Mtu wa Igoma

Nesi ubarikiwe. Majibu: kinakwama juu, hapa kwenye koromeo. Vigumu vilianza, lakini anasema siyo kukwama hasa, ni kwamba nguvu ya kusukuma inaisha. Usiku hakuna kinachorudi. Maji ya betri hapana. Moyo hatujawahi kuambiwa chochote. Shingo nimeishika, dada wa Nyegezi, sioni uvimbe.

Sasa macho. Nimemuuliza, akacheka, akasema mchana ubaoni anaona mistari miwili. Hakusema kwa kuwa alidhani ni macho ya kuhitaji miwani, na mwalimu alishamhamishia dawati la mbele. Mimi sikuwa najua kabisa.

Tulivyohesabu asubuhi alifika hamsini vizuri. Jioni alipofika thelathini na kitu sauti ilihamia puani, arobaini sikusikia kitu. Kwenye dari kope la kushoto lilishuka lenyewe mpaka likafunika nusu ya mboni. Mke wangu alikuwa anaangalia naye, akaondoka akaenda kukaa nje.

#11 Dada wa Nyegezi

Jamani. Kijana ni kama simu yenye betri bovu, asubuhi inaonyesha imejaa, mchana inazima.

#12 Nesi wa Zamu

Kesho asubuhi nendeni hospitali, na msiende na maelezo ya "koo linamsumbua" maana mtaishia kwenye tonses tena. Semeni hivi: anachoka kutafuna, maji yanatoka puani, anaona viwili viwili, kope linashuka, vyote vinazidi jioni na vinapungua akipumzika. Mwonyesheni daktari ile video. Picha ya jioni ni muhimu kwa sababu daktari atamwona asubuhi akiwa mzima.

Upo ugonjwa unaitwa miasthenia gravisi. Kinga ya mwili inashambulia vipokezi kwenye misuli, mahali ambapo neva hutoa amri. Amri inatoka, msuli unaipokea nusu, na kadiri unavyotumika ndivyo unavyozidi kulegea. Hisia zinabaki sawa na hakuna maumivu. Hauambukizi. Unaweza kumpata mtoto, kijana, mzee, yeyote. Sisemi ndiyo wenyewe, yapo matatizo ya ubongo na neva yanayofanana nao na yanatakiwa kuangaliwa. Ila kuna kitu ulichoandika mwanzoni ambacho hakijanitoka kichwani: jentamisini. Dawa za kundi hilo hupunguza zaidi ile amri kwenye msuli. Mwenye ugonjwa huu akichomwa, anaweza kuzidiwa mpaka hata kupumua kumshinde.

Kwa hiyo mpaka daktari aseme, asichomwe tena jentamisini. Kuna nyingine za kuogopa pia: kwinini, klorokwini, siprofloksasini, azithromaisini, na magnesi ya kwenye mshipa. Andika kila dawa aliyopewa tangu Pasaka, nenda na karatasi hiyo.

#13 Ngosha wa Kisesa

Mimi bado nasema mngeanza na kimeo, ila kwa hilo la macho nanyamaza.

#14 Mtu wa Igoma

Kaka kanipigia, ameshakubaliana na mzee na pesa ameshatoa. Nimemtumia maelezo ya Nesi kwa sauti maana hasomi sana simu. Kajibu, "Basi wewe ndiye uliye naye, fanya." Kesho tunaanza hospitali ya mkoa Sekou Toure, kadi yetu ni ya CHF (bima ya afya ya jamii), hatuwezi kuruka moja kwa moja hospitali ya rufaa Bugando.

#15 Sangara Mkavu

Safari njema. Beba uji laini kwenye chupa, foleni ni ndefu.

#16 Mtu wa Igoma

MREJESHO

Samahani kwa kimya, mambo yalikuwa mengi. Daktari wa kwanza aliangalia video mara mbili, akaita mwenzake, wakaandika rufaa ya Bugando. Kule mlimani tulianzia kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Wakapitisha kamera nyembamba puani mpaka kwenye nyuzi za sauti. Hakuna kinyama, hakuna uvimbe, nyuzi zinafunga. Walichoona ni mate yamejikusanya nyuma ya ulimi, hayashuki. Shingo wakaipima, goita hakuna.

Wakatupeleka kwa madaktari wa magonjwa ya ndani. Hapo ndipo niliona kitu sitasahau. Daktari alifunga barafu kwenye glovu, akaiweka juu ya kope lililoshuka kwa dakika kama mbili. Alipoitoa, jicho lilikuwa wazi. Likakaa wazi muda mfupi, likashuka tena. Baadaye wakamchoma sindano, wanasema ni ile watu wa dawa ya usingizi huitumia kuamsha misuli baada ya operesheni, wakaweka na nyingine ya kulinda mapigo ya moyo. Tukakaa. Kijana akaniambia, "Ba'mdogo, naomba maji." Akanywa glasi nzima. Puani hakikutoka hata tone. Akaanza kuongea, akaongea mpaka daktari akamwambia apunguze.

Damu imechukuliwa kupima kingamwili zinazoshambulia misuli, majibu bado. CT skani ya kifua imeandikwa kuangalia tezi inayoitwa thaimasi, iko nyuma ya mfupa wa kifua. Wamesema wakati mwingine inakuwa na uvimbe, na hata isipokuwa nao kuna wagonjwa ambao kuiondoa kunawasaidia, lakini hilo ni la kujadili baadaye.

Ameanza vidonge vya piridostigmini. Anameza kama nusu saa au zaidi kidogo kabla ya kula ili chakula kimkute na nguvu. Tumbo linamkata na mate yanamjaa, wamesema ni kawaida ya dawa na watarekebisha kipimo. Wameonya pia akiona inasaidia asijiongezee mwenyewe, kwa sababu ikizidi nayo inalegeza misuli. Haiponyi, inamsaidia tu kufanya kazi zake. Dawa za kutuliza kinga huenda zikafuata.

#17 Mzee wa Maktaba

Nimefurahi sana. Kwa wanaopenda historia: dawa za jamii hiyo zilianza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 1934. Daktari Mary Walker, akiwa Greenwich, London, aliona wagonjwa hawa wanafanana na mtu aliyepata kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini. Akawaza, basi kinachotibu kurare kinaweza kuwasaidia. Akamchoma mgonjwa wake fizostigmini, na kope likanyanyuka. Fizostigmini yenyewe ilitoka kwenye maharage ya Calabar, Nigeria, ambayo wenyeji waliyatumia kumwapisha mshukiwa: akitapika ameshinda, akifa alikuwa na hatia. Mwavi wa watu wa kule, kwa maneno mengine. Sumu ya mwavi ndiyo babu wa kidonge cha kijana wetu.

#18 Muumini wa Kweli

Tuliomba bila hata wewe kuja PM.

#19 Dada wa Nyegezi

@Muumini wa Kweli sawa, na barafu nayo iliombewa.

Mkuu vipi shuleni? Ratiba ya vidonge ataiweza?

#20 Mtu wa Igoma

Nimeongea na mwalimu wa zamu na matroni. Kidonge cha mchana kinakaa kwa matroni. Makande amesamehewa, analetewa wali mlaini au viazi vya kupondaponda na mchuzi wa sato uliotolewa miiba, anakula mwanzo kabla hajachoka. Michezo apumzike kwanza. Mwalimu Jiwe la Bismarck, ulisema una wanafunzi, wanaruhusu kufanya mtihani wa asubuhi tu?

#21 Jiwe la Bismarck

Ratiba ya upimaji ni ya taifa, shule haiwezi kuihamisha. Lakini mtahiniwa mwenye tatizo la kiafya lenye barua ya daktari taarifa zake hupelekwa mapema kupitia mkuu wa shule, na anaweza kuombewa muda wa nyongeza. Barua iombeni sasa, msisubiri Novemba. Na nafuta lile la hofu ya mtihani.

#22 Kamanga Feri

Nesi naomba kuuliza. Binti yangu ana miaka 13, sauti imekauka kama miezi miwili, inakwaruza muda wote, kumeza hana shida. Na yeye nimwekee barafu?

#23 Nesi wa Zamu

Hapana, huyo ni habari nyingine. Inayokwaruza muda wote bila kubadilika asubuhi na jioni inaelekea kwenye nyuzi zenyewe: kupiga kelele sana, tindikali kupanda kooni, vinyama. Ikipita wiki tatu nne kwa mtoto, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, apitishiwe kamera. Akianza kuhema kwa mlio, usingoje miadi.

#24 Mtu wa Igoma

Nesi swali la mwisho nisikusumbue. Sisi ni watu wa ziwani, malaria ni ya kila mwaka, na likizo lazima aende Ukerewe kwa mama yake. Akiugua kule nifanyeje?

#25 Nesi wa Zamu

Swali zuri kuliko yote. Homa yenyewe inaweza kumlegeza, kwa hiyo asikae nayo nyumbani. Apimwe kwanza, asinywe dawa kwa kubahatisha. Dawa mseto ndiyo inayotangulia siku hizi, na malaria kali hutibiwa kwa sindano ya atesuneti. Atakayetaka kumpa kwinini aambiwe kabla hajafungua chupa. Muulize daktari wake akuandikie barua fupi yenye jina la ugonjwa, dawa anazotumia na zile za kukwepa, kijana atembee nayo. Na vidonge vya likizo vichukuliwe vyote Mwanza kabla hajapanda meli, na akiba juu, kwa sababu piridostigmini haipo kila duka.

#26 Mtu wa Igoma

Barua naiomba Jumatatu. Nakala tatu: moja kwenye begi lake, moja kwa matroni, moja kwa shemeji Nansio. Majibu ya damu na CT yakitoka nitayaleta humu humu.